Kuomba chuo unachokiota: milango ya udahili inafunguliwaje

Mwombaji mwenye alama nzuri anaweza kukosa chuo anachokitamani kwa sababu zisizohusiana kabisa na uwezo wake. Jina la kwenye cheti halifanani na la kwenye pasipoti. Barua ya mwalimu imefika siku mbili baada ya dirisha kufungwa. Kozi aliyoomba inadai Hisabati ya ngazi ya juu, naye hakuisoma. Wakati huohuo mwenzake mwenye alama za wastani anaingia, kwa kuwa alijua mlango anaoubisha unafunguliwa na nani na kwa kipimo gani. Elimu hiyo mashuleni haifundishwi, na wanaoikosa zaidi ni wale ambao nyumbani kwao hakuna aliyewahi kuomba chuo. Makala haya yameandikwa kwa ajili yao.

Kozi kwanza, jina la chuo baadaye

Neno “chuo” linabeba mengi mno. Utakachoishi nacho miaka mitatu, minne au sita ni idara moja: wahadhiri wake, maabara zake, mtaala wake. Chuo chenye jina kubwa kinaweza kuwa na idara dhaifu ya somo unalolipenda, na chuo kisichotajwa sana kikawa na idara inayoheshimiwa na kila aliye kwenye fani hiyo.

Kwa hiyo fungua kitabu cha mtaala cha idara, ambacho vyuo vingi hukiweka kwenye tovuti zao, utafute masomo ya lazima mwaka kwa mwaka. Kozi mbili zinazoitwa Uchumi zinaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: moja inaanza na kalkulasi, aljebra na takwimu, nyingine inajikita katika sera na historia ya maendeleo. Angalia mafunzo kwa vitendo yako mwaka gani, na kama chuo ndicho kinachotafuta nafasi hizo au mwanafunzi anajitafutia. Angalia mitihani: kuna kozi zinazoweka alama karibu zote kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka, na nyingine zinazogawa kwa kazi za kila mwezi. Mtu anayejijua anasomaje ataona mara moja wapi atapata shida.

Muundo wa shahada nao hubadilika kwa nchi. Uingereza unaomba kozi maalumu na kuanza kuisoma siku ya kwanza. Kuhamia nyingine kunategemea idara ya pili ikubali. Marekani vyuo vingi humwacha mwanafunzi achague somo lake kuu hadi mwisho wa mwaka wa pili, ingawa uhandisi na uuguzi mara nyingi huchaguliwa tangu kuomba. Ulaya, chini ya mfumo uliotokana na Azimio la Bologna la mwaka 1999, mwaka mmoja wa masomo huhesabiwa kuwa krediti 60, na kila krediti ni kazi ya saa 25 hadi 30. Hesabu hiyo ifanye kabla ya kupanga kufanya kibarua jioni: ni saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, mihadhara na kujisomea pamoja.

Kwa udaktari, uhandisi, sheria na fani nyingine zenye bodi, kuna maswali mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. La kwanza, je, chuo kina ithibati katika nchi kilipo? La pili, je, bodi ya taaluma ya nchi utakayofanyia kazi inaitambua kozi hiyo? Jibu la ndiyo kwa swali la kwanza halijibu la pili. Kwa uhandisi, anza na Washington Accord, makubaliano ya mwaka 1989 ambayo nchi wanachama hutambua shahada za uhandisi zilizothibitishwa na wenzao. Kwa udaktari kuna World Directory of Medical Schools, lakini kuwemo kwenye orodha hiyo si ithibati. Kunaonyesha tu kwamba shule ipo na nani anaitambua kwao. Sheria ndiyo inayosafiri vibaya kuliko zote, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake. Waulize bodi kwa maandishi, uhifadhi jibu.

Orodha za vyuo bora hupima nini hasa

Watu wengi huchagua kwa orodha, hivyo inafaa kujua zimetengenezwaje. Orodha ya Shanghai, iliyoanza 2003, hutoa asilimia 10 kwa wahitimu waliopata Nobel au nishani ya Fields ya hisabati, asilimia 20 kwa wahadhiri waliozipata, 20 kwa watafiti wanaonukuliwa sana, 20 kwa makala katika majarida ya Nature na Science, 20 kwa makala yaliyoorodheshwa kwa jumla, na 10 kwa utendaji huo ukigawanywa kwa idadi ya wahadhiri. Tafuta humo ufundishaji: haumo. Ni kipimo kizuri kwa anayetafuta mahali pa kufanya utafiti wa uzamivu, na hakimwambii chochote anayeanza shahada ya kwanza kama mhadhiri atasahihisha kazi yake kwa wakati.

QS, orodha nyingine ya vyuo vya dunia, katika matoleo yake ya karibuni, huweka asilimia 30 kwenye sifa ya chuo machoni mwa wanataaluma na 15 kwenye sifa yake machoni mwa waajiri. Karibu nusu ya alama, basi, ni maoni ya watu walioulizwa. Tena takwimu nyingine hutolewa na vyuo vyenyewe. Mwaka 2022 Michael Thaddeus, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, alichapisha uchambuzi unaoonyesha kwamba takwimu ambazo chuo chake kiliipelekea orodha ya U.S. News hazikuwa sahihi. Columbia iliyokuwa ya 2 ikaonekana ya 18 katika toleo lililofuata. Majengo ni yaleyale, wahadhiri ni walewale, masomo ni yaleyale. Nafasi 16 zimepotea ndani ya miezi michache.

Orodha itumie kupata majina ambayo hukuyajua, na uangalie ya somo lako badala ya ile ya jumla. Tofauti ya nafasi ya 40 na ya 60 usiipe uzito wowote. Vilevile asilimia ya wanaokubaliwa isikutishe wala kukuvutia kupita kiasi: inachanganya waliotimiza sifa na wasiotimiza, kozi rahisi kuingia na ngumu, wenyeji na wageni. Takwimu yenye faida ni moja, alama aliyoingia nayo mtu wa mwisho kwenye kozi yako mwaka uliopita, na kama ipo, ya miaka mitatu mfululizo.

Nani anakuchagua, na kwa kanuni gani

Hapa ndipo penye kiini. Udahili duniani una milango ya aina kadhaa, na mbinu inayofaa kwenye mmoja inaweza kukuangusha kwenye mwingine.

Mlango wa kwanza ni kompyuta. Mamlaka moja hukusanya maombi ya nchi nzima, waombaji hupanga machaguo yao kwa utaratibu wa kupendelea, na nafasi hugawiwa kwa alama. Swali la kuuliza hapa ni moja: je, chuo kinajaza kwanza walioweka jina lake namba moja, au kila chaguo linapimwa kwa alama tu?

Chukua mwombaji mwenye alama 80. Chaguo lake la kwanza limejazwa na wenye 85 kwenda juu. Chaguo lake la pili kwa kawaida huchukua hata wenye 70. Katika mfumo wa chaguo la kwanza kwanza, akishuka kwenye chuo cha pili anakuta kimeshajaa: wenye 70 walikiweka namba moja, wakachukuliwa moja kwa moja, na alama zake 10 za ziada hazimsaidii. Katika mfumo wa aina ya pili, wale wa 70 wameshikiliwa kwa muda tu. Yeye akifika, mmoja wao anatolewa, anakwenda kujaribu chaguo lake linalofuata. Utaratibu huu wa pili ulielezwa kihisabati na David Gale na Lloyd Shapley mwaka 1962, na ulichangia Shapley na Alvin Roth kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012. Uzuri wake kwa mwombaji ni kwamba kusema ukweli hakumgharimu: panga vyuo kama unavyovipenda hasa, ukianza na cha ndoto yako hata kama nafasi ni finyu. Tatizo hubaki moja, kwamba fomu nyingi zina idadi ndogo ya mistari. Ukiijaza yote kwa ndoto, unaweza kumaliza orodha bila kuchukuliwa popote. Mstari wa mwisho uwe kozi ambayo alama zako zinaizidi kwa uwazi. Katika mfumo wa chaguo la kwanza kwanza hesabu ni nyingine kabisa, na namba moja inabidi iwe mahali unapoweza kuingia kweli.

Mlango wa pili ni idara. Mfano wake ni Uingereza, ambako maombi hupitia UCAS, mfumo mmoja wa kuomba vyuo vya nchi hiyo. Unaruhusiwa machaguo 5, hayapangwi kwa upendeleo, na chuo hakioni umeomba wapi kwingine mpaka utakapokuwa umejibu. Huwezi kuomba shahada ya kwanza Oxford na Cambridge mwaka mmoja, na kwa udaktari machaguo hayazidi 4. La 5 liwe kozi nyingine. Maombi ya Oxford, Cambridge, udaktari, meno na tiba ya mifugo hufungwa Oktoba 15 saa 12 jioni kwa saa za Uingereza, takriban mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Anayeamua: wahadhiri au wadahili wa kozi hiyo. Wanataka kuona unalipenda na kuliweza somo lao, na nishani zako za riadha haziwahusu.

Mlango wa tatu ni kamati inayomsoma mtu mzima: alama, insha, barua za walimu, shughuli za nje ya darasa, mazingira aliyokulia. Vyuo vingi vya Marekani viko hapa. Common App, mfumo wa maombi unaotumiwa na vyuo vingi huko, hukuruhusu kuomba vyuo hadi 20 kwa akaunti moja, ikiwa na insha kuu ya maneno 250 hadi 650, na kila chuo huongeza maswali yake. Kuna ombi la mapema lenye kukufunga kwa ahadi, ambalo mara nyingi mwisho wake ni Novemba 1: ukikubaliwa, unaahidi kwenda na kufuta maombi mengine. Usiliguse ikiwa unahitaji kulinganisha misaada ya fedha ya vyuo mbalimbali.

Upo pia mlango ulio wazi. Ujerumani kozi nyingi ambazo hazina ukomo wa nafasi humchukua kila aliyetimiza sifa na kukamilisha nyaraka. Ugumu wake umehamia kwenye neno “sifa”: cheti cha sekondari cha nchi yako huenda kisihesabiwe kuwa sawa na chao, na hapo utahitaji kwanza mwaka wa maandalizi unaoitwa Studienkolleg. Shirika la uni-assist hukagua vyeti kwa niaba ya vyuo vingi huko, na kwa kozi nyingi za muhula wa baridi siku ya mwisho ni Julai 15. Kutuma tarehe 14 ni kujipalia makaa, maana wakigundua karatasi imepungua huna siku ya kuirekebisha.

Uombe vyuo vingapi

Kuomba vitano vinavyochagua mtu mmoja katika kumi hakukupi uhakika hata kidogo. Kama nafasi yako ni asilimia 10 kila mahali na maamuzi hayahusiani, uwezekano wa kupata angalau kimoja ni asilimia 41. Na maamuzi huhusiana, kwa sababu faili ni lilelile. Udhaifu ulioonwa na chuo cha kwanza utaonwa na cha nne. Kwa hiyo gawa: viwili vilivyo juu yako, viwili au vitatu vya saizi yako, na angalau kimoja ambacho sifa zako zinazidi kiwango chao na ada yake unaimudu. Hicho cha mwisho kichague kwa makini kuliko vyote, maana ndicho watu wengi huandika harakaharaka bila kukifikiria, kisha wanajikuta wanakisoma miaka minne.

Makaratasi

Rudi nyuma miezi 15 hadi 18 kutoka siku ya kuanza masomo, uanze na jina. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya mitihani na pasipoti viwe na majina yaleyale kwa herufi zilezile. Kama cheti kina majina mawili na pasipoti matatu, pata hati ya kiapo mapema, kisha jaza fomu zote kwa jina la pasipoti. Matokeo ya mtihani wa lugha yakisajiliwa kwa jina jingine, mfumo wa chuo unaweza kushindwa kuyaunganisha na ombi lako, na hakuna atakayekupigia simu kukuuliza.

Alama za IELTS na TOEFL, mitihani ya Kiingereza, hudumu miaka miwili. Ukifanya mapema mno zitaisha kabla ya kuanza masomo. Ukichelewa hutakuwa na nafasi ya kurudia. Miezi mitatu kabla ya siku ya mwisho ni kipimo kizuri. Soma pia masharti ya kila sehemu: kozi inayotaka 7.0 kwa jumla mara nyingi inataka pia kisichopungua 6.5 au 6.0 kwenye kuandika, na hapo ndipo wengi huanguka.

Transkripti, yaani hati ya alama zako zote, vyuo vingine huitaka kutoka shuleni moja kwa moja, kwa mfumo wao au kwa bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri. Ukiituma mwenyewe haihesabiwi. Tafsiri ifanywe na mtafsiri aliyesajiliwa, iambatane na nakala ya lugha ya asili. Kila faili lipe jina linaloeleweka, liwe PDF moja kwa kila hati, na ulifungue tena baada ya kupakia: kurasa zilizopinduka au kukatwa pembeni ni kosa la kila mwaka.

Barua ya mwalimu mpe wiki sita. Mchague aliyekufundisha somo linalohusiana na kozi na anayeweza kutaja kazi fulani uliyoifanya. Mkuu wa taasisi anayekujua kwa jina tu ataandika sentensi ambazo zingemfaa mtu yeyote, na msomaji anaziona. Mpelekee ukurasa mmoja: kozi unazoomba, siku ya mwisho, kazi mbili tatu ulizofanya darasani kwake, na unachotarajia kusoma. Wiki mbili kabla, mkumbushe kwa adabu. Ni wajibu wako, wala si usumbufu.

Insha

Mwaka 2007 UCAS ilipitisha maelezo binafsi 50,000 kwenye programu ya kulinganisha maandishi. Waombaji 234 walikuwa wamesimulia kisa kilekile cha kuunguza na kutoboa pajama zao kwa jaribio la kemia wakiwa na umri wa miaka minane. Kilitoka kwenye sampuli ya mtandaoni. Ulinganishaji huo unaendelea hadi leo, na anayenakili leo anasubiriwa na zana nyingi zaidi za kumtia mtegoni.

Kuanzia waombaji wa kuingia 2026, UCAS imegawa maelezo hayo katika maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya masomo umefanya nini kilichokuandaa. Jumla ni herufi 4,000 pamoja na nafasi, na kila jibu lisipungue 350. Hata kama huombi Uingereza, maswali hayo ni mwongozo mzuri wa kuandika popote idara inapokuwa ndiyo mwamuzi.

Kinachotofautisha insha ni kitu mahususi. “Napenda biolojia tangu utotoni” haisemi lolote. Sema ulisoma kuhusu usugu wa vimelea kwa dawa, ukashindwa kuelewa kwa nini usugu unaweza kuenea hata kwa bakteria wa aina tofauti, ukaenda kutafuta, ukakuta habari za plazimidi, vipande vidogo vya DNA ambavyo bakteria huweza kupeana. Msomaji sasa anaona akili ikifanya kazi. Ukitaja shughuli, sema ulifanya nini wewe mwenyewe, muda gani, na nini kilibadilika. Kusifia chuo kwa maneno ya tovuti yao ni kupoteza mistari. Na jambo dogo linaloumiza sana: insha ya Marekani iliyobaki na jina la chuo kingine ndani yake. Kabla ya kutuma, tafuta kwa kompyuta majina ya vyuo vyote ulivyoomba, kimoja kimoja.

Kwa kamati inayosoma mtu mzima, insha haihitaji msiba. Kazi ya kulea wadogo zako, kuuza dukani, au kutengeneza redio mbovu za jirani ni mambo halali, tena huaminika.

Fedha

Udahili na ufadhili ni maombi mawili, na mara nyingi la fedha hufungwa kwanza. Andika gharama yote ya mwaka: ada, malazi, chakula, bima ya afya, viza, vitabu, nauli. Nchi nyingine hudai uthibitisho wa fedha kabla ya viza. Ujerumani, ambako vyuo vingi vya umma havitozi ada, mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huweka fedha kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, na tangu Septemba 2024 kiwango kimekuwa yuro 11,904 kwa mwaka. Hata “bila ada” ina mipaka: jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya yuro 1,500 kwa muhula tangu 2017.

Marekani uliza kama chuo huangalia uwezo wako wa kulipa kinapoamua kukuchukua. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst hawauangalii, hata kwa wageni, na hufidia upungufu wote wanaouona kwenye hesabu zao. Kwingi kwingine mgeni anayeomba msaada mkubwa ana nafasi ndogo zaidi. Kuficha hitaji ili ukubaliwe, ukitarajia kuomba msaada baadaye, hakufanyi kazi: vyuo vingi havimpi mgeni fedha ambazo hakuziomba mwanzoni.

Wakala anayeahidi nafasi kwa uhakika akilipwa, mwepuke. Ada ya maombi hulipwa kwa chuo au mfumo wake rasmi, na barua pepe ya udahili hutoka kwenye anwani ya chuo. Akaunti yako ya maombi na neno lake la siri vikae kwako.

Majibu yakija

Barua ya kukubaliwa isome kama mkataba. Je, ni ya masharti? Masharti gani, na yathibitishwe lini? Uingereza unashika chuo kimoja imara na kingine cha akiba. Cha akiba chenye masharti sawa na cha kwanza hakina kazi, kwa sababu ukikosa kimoja umekosa vyote. Chagua kinachodai alama za chini kidogo.

Ukiwekwa kwenye orodha ya kusubiri, thibitisha kwamba bado unataka, tuma matokeo mapya kama yapo kwa barua fupi moja, kisha chukua nafasi nyingine uliyonayo na ulipe amana yake kabla ya siku ya mwisho, ambayo Marekani kwa kawaida ni Mei 1. Amana hiyo mara nyingi hairudi ukihama baadaye. Kuipoteza kunauma, lakini si kama kufika Septemba ukiwa huna chuo hata kimoja. Na kama unataka kuahirisha mwaka, omba ruhusa kabla ya kuthibitisha, uulize kwa maandishi kama ufadhili nao utakusubiri.